Chumvi ni ya Mkono Mmoja

Mkono ule ni wangu. Sikatai. Kama una simu basi umeuona, maana sijakutana na mtu ambaye hajauona: mkono wa mwanamke, mnene kidogo, saa ya mkanda mwekundu, unapita juu ya sufuria ya mtu mwingine na kuachia chumvi. Wameuonyesha polepole, wameuzungushia duara jekundu, wameuwekea muziki wa majambazi. Binti yangu ananiambia wapo hata waliougeuza kichekesho, wanamtilia chumvi paka, wanamtilia chumvi mwalimu wao. Haya, chekeni. Mkimaliza kucheka niambieni, ili nami niseme.

Mimi ni mpishi wa hoteli. Si yule wa kofia ndefu anayepita mezani kuwauliza wageni kama wamefurahi. Mimi ni wa huku nyuma, kwenye joto, msaidizi wa mpishi mkuu kwa miaka kumi na tisa. Wapishi wakuu wamekuja na kuondoka, sita kwa hesabu yangu. Mmoja alikuwa mlevi. Mmoja alikuwa akiogopa kugusa nyama yenye damu, usiniulize upishi alisomea wapi. Huyu wa mwisho alikuwa mtu mwema, ila akilala stoo juu ya magunia ya unga. Kila mmoja akiondoka mimi nalishika jiko miezi miwili, mitatu, mambo yanakwenda, wageni wanakula wanashiba, halafu analetwa mwingine nimwonyeshe swichi za taa ziko wapi.

Safari hii nikajisemea, hapana. Nikavua aproni, nikapanda ghorofani kwa meneja. "Meneja, nafasi ya mpishi mkuu naitaka mimi."

Meneja akatabasamu. Meneja wetu akitabasamu, jua kuna jambo. "Dada, una bahati kweli," akasema. "Safari hii nafasi hiyo tunaitoa kwenye televisheni."

Nikamwambia arudie. Akarudia, tena kwa furaha: hoteli imekubaliana na kituo cha televisheni, kutakuwa na mashindano ya wapishi kumi na wawili, wiki nane, na atakayeshinda ndiye mpishi mkuu wetu. Matangazo ya bure kwa hoteli, wiki nane nzima! "Hata wewe unaruhusiwa kujaza fomu," akaniambia, akaisukuma juu ya meza. Fomu! Ya kuomba kazi ninayoifanya kila siku!

Nilifika nyumbani nafoka. Baba watoto ni fundi wa mafriji, alikuwa uani amelala kifudifudi mbele ya friji la watu, tochi mdomoni. Akaitoa tochi, akasema neno moja: "Jaza."

"Nijaze nini? Mimi ni wa kwenda kuchekacheka mbele ya kamera?"

"Jaza. Wakuone unavyopika, watu wote wakuone. Baada ya hapo meneja atakosa la kusema."

Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi na hajawahi kukosa la kusema, akaitikia kutoka jikoni: "Ila hizo nywele sijui utazifanyaje."

Nikajaza. Na Njiti naye akajaza.

Njiti ni mwembamba, ndiyo asili ya jina. Alikuja kwetu miaka kumi na moja iliyopita kuosha vyombo. Nikamwona siku moja anavyomenya viazi, ganda jembamba, hakuna kinachopotea, nikaenda kuomba nipewe yule. Nilimfundisha kushika kisu. Nilimfundisha kukaanga kitunguu mpaka kikalainika bila kuungua, na nilimfundisha kunyamaza mpishi mkuu anapokosea mbele ya watu. Mkewe alipojifungua mapacha, supu niliipeleka mimi wodini, kabla hata mama yake mwenyewe hajafika. Ananiita dada, namwita mdogo wangu, na halikuwa neno la mdomoni tu.

Alikuja kuniambia habari ya fomu kichwa kimeinama. "Dada, usinichukie."

"Nikuchukie ya nini? Tukiwa wawili ni vizuri zaidi. Nafasi ikibaki kwako au kwangu, mgeni hajaingia." Nilisema hivyo, na moyoni ndivyo ilivyokuwa. Mjinga mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo ambalo kule kwenye simu hamkuonyeshwa. Katika jiko kubwa, chumvi ni kesi. Mwaka wangu wa pili tulikuwa na karamu ya watu mia mbili, na supu ikatiwa chumvi na watu watatu, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau. Ilimwagwa yote, sufuria nne, na wageni wakaanzia kwenye wali. Tangu siku hiyo jiko letu lina sheria: chumvi ni ya mkono mmoja. Unapika chako mpaka kikaribie kuiva, chumvi hugusi. Ukiona tayari, unaulaza upawa juu ya mdomo wa sufuria, ukingo hadi ukingo. Maana yake, hii hapa bado chumvi. Mimi napita na bakuli langu mkono wa kushoto, naonja, natia, kisha nauchukua ule upawa nauzamisha ndani. Upawa ukiwa ndani, basi, hagusi mtu. Hatuambiani kitu, maana feni zinanguruma na sahani zinagongana, nani atamsikia nani? Kwa siku napita sufuria ishirini, thelathini. Piga hesabu ya miaka kumi na saba. Siku hizi kuna wakati hata sionji, nikiutazama tu mvuke mkono unajua cha kufanya.

Mashindano yalianza studio. Studio yenyewe ilikuwa bohari, kuta za mbao nyembamba, mabomba yanang'aa lakini hayatoi maji. Saa kubwa ya ukutani, ile mliyoiona inatukimbiza, ilikuwa ikisimamishwa kila kamera ilipotaka betri. Tunapika saa moja, tunasimama mikono juu, halafu wanapiga picha za sahani dakika arobaini, pembe hii, pembe ile, ndipo majaji wanakuja kuonja. Majaji watatu: mpishi mmoja mstaafu anayejua kazi, mwanamitindo anayekula kwa ncha ya uma, na mwenye kampuni ya kuuza masufuria. Yule wa masufuria akaonja chakula changu akakunja uso. "Imepoa," akasema. Ala! Itaacha kupoa, na wewe ulikuwa ukipakwa poda?

Mtayarishaji wa kipindi, binti mwenye hedifoni shingoni saa zote, akanivuta pembeni wiki ya kwanza. "Dada, tunahitaji historia yako. Kuna mtu wako aliyefariki?"

"Kila mtu ana mtu wake aliyefariki."

"Ninamaanisha aliyekufundisha kupika."

"Aliyenifundisha kupika ni mpishi mmoja mkali kama nini, na yuko hai, ana kuku."

Hakuiandika hiyo. Njiti yeye aliwapa walichotaka. Akawaeleza mama yake alivyompikisha gizani kwa kukosa taa, alivyokufa mkononi mwake akiwa ameshika mwiko, na akalia. Hata mpiga picha alijifuta macho. Tulipotoka nikamwuliza, "Njiti, mama yako si karani, yuko ofisini kwake mpaka leo?" Akacheka. "Dada, hii ni televisheni." Nami nikacheka, tukacheka mpaka kituo cha basi. Nilimcheka mtu anayemzika mama yake mzima, na sikujiuliza mimi atanizika lini.

Wiki zikaenda. Mmoja alikatika kidole. Mmoja aliunguza keki akakaa sakafuni akakataa kuinuka, wakampiga picha nusu saa. Kila wiki mmoja au wawili wanavua aproni, wanakumbatiwa, wanaondoka. Mwisho tukabaki wawili, mimi na Njiti, na nyumbani kwangu watu wakawa wanajaa sebuleni hata sijui wengine ni majirani wa nani. Mama mkwe akawakaribisha kwa kusema, "Mkwe wangu huyo, nywele nilimchagulia mimi."

Ndipo mtayarishaji akatuletea habari njema. Fainali haitakuwa studio. Fainali itapigwa hotelini, ndani ya jiko letu wenyewe, ili wadhamini waone mahali mshindi atakapofanya kazi. Nilifurahi mno. Jiko langu! Najua moto upi unazima ukiupuliza, najua friji gani mlango wake lazima uupige na goti. Wahenga walisema mazoea yana taabu, lakini siku hiyo wahenga hawakunijia.

Kazi ilikuwa hivi: saa mbili, vyakula vitatu, kwa majaji na wageni waalikwa arobaini. Supu ya samaki, nyama, na kitu kitamu cha mwisho. Njiti akawekwa kwenye majiko yake ya siku zote, mimi kwenye yangu, bega kwa bega, kama Jumanne yoyote ile. Sufuria zetu, miiko yetu, feni zetu zile zile zinanguruma. Tofauti ilikuwa kamera tisa tu, na wenzetu wengine walipewa likizo ya siku moja wasionekane. Na tofauti nyingine, kubwa kuliko kamera: kila mtu anakitia chumvi chakula chake mwenyewe. Hilo halikuhitaji kusemwa. Ni mashindano.

Nilipika siku ile. Nasema bila haya, nilipika. Nyama ililainika kabla ya wakati wake, mchuzi ukawa mzito bila unga, na samaki sikumgusa ila mara moja. Zilipobaki dakika ishirini na tano, bakuli langu la chumvi likaisha, nikaenda stoo kulijaza. Nakumbuka nimeshika gunia. Nakumbuka nimefika kwenye jiko langu, mchuzi umeanza kushika chini, nikaukoroga huku naulaani. Kati ya stoo na jiko langu sikumbuki kitu. Nawe hebu niambie, leo asubuhi mlango uliufunga kwa mkono gani?

Wakahesabu kumi, tisa, nane, tukainua mikono. Wakatupigisha mara nne kuinua mikono. Kisha majaji wakaanza na mimi. Yule mpishi mstaafu aliionja supu yangu, akachota tena. Jaji akichota mara ya pili hiyo haihitaji maelezo. Kwenye nyama alinitazama akaniuliza, "Mama, hii umeifanyaje?" Siyo swali la televisheni lile, lilikuwa swali la mtu anayetaka kwenda kujaribu nyumbani. Nikamwona meneja kule nyuma ya kamera, hatabasamu, nikajua kazi ni yangu. Miaka kumi na tisa! Nilitaka kumpigia baba watoto saa ile ile, na simu walikuwa wametunyang'anya.

Wakahamia kwa Njiti. Mwanamitindo akanywa kijiko kimoja, akatema kwenye leso. Wa masufuria akaomba maji. Mpishi mstaafu akaweka kijiko chini, akasema kwa huruma, "Kijana, hii hailiki. Ni chumvi tupu."

Njiti alikuwa amesimama mikono nyuma. "Mimi sikutia chumvi hivyo," akasema.

Mtayarishaji akaivaa ile hedifoni yake, akanong'ona kitu, akatoka, akarudi. Kisha kamera ikanisogelea mpaka naona uso wangu kwenye kioo chake. Mtayarishaji mwenyewe akauliza, sauti laini. "Dada, wewe uliigusa sufuria ya mwenzako?"

"Mimi? Haki ya Mungu, hata sijaisogelea!"

"Una hakika?"

"Nife nikiwa nasema uongo! Nimfanyie hivyo mdogo wangu?" Tena nikainua kidole juu.

Waliniacha niseme mara mbili, na picha walikuwa nayo tayari. Wakageuza skrini.

Nikamwona mwanamke wa saa nyekundu anatoka stoo, bakuli kushoto. Anapita nyuma ya jiko la Njiti. Hageuzi hata kichwa. Mkono wa kulia unaingia bakulini, unatoka na ukufi mzima, kiganja kimejaa, ukufi wa sufuria ya watu themanini, unaachia, unauchukua upawa unauzamisha ndani, unaendelea na safari yake. Watu waliguna. Mimi sikuguna. Mimi nilikuwa naangalia vitu viwili ambavyo wao hawakuviangalia. Cha kwanza, upawa ulikuwa umelazwa juu ya mdomo wa sufuria, ukingo hadi ukingo. Cha pili, Njiti alikuwa pale pale, hatua mbili, anakata majani. Anainua macho. Anautazama mkono wangu tangu unaingia bakulini mpaka unamaliza. Kisha anainama, anaendelea kukata.

"Upawa!" nikapiga kelele. "Tazameni upawa! Njiti, waambie habari ya upawa!" Nilikuwa nalia na kurusha mikono, na ndivyo walivyonionyesha, mwanamke aliyeumbuliwa anapiga kelele upawa, upawa. Njiti alijifunika uso kwa taulo. Wakaandika hujuma, wakanivua aproni mbele ya wageni arobaini.

Usiku ule sikula. Baba watoto aliniamini kabla sijamaliza sentensi. Anajua mimi huzima taa za nyumba nzima na yeye akiwa bado anasoma gazeti. Ila mama mkwe alikaa ananitazama. "Mtu hatii chumvi chakula cha mtu bila kujua," akasema. Kesho yake jioni akaja kusimama mlangoni kwangu. "Leo nimemmiminia chai baba mkwe wako," akasema. "Kikombe chake kile, sukari vijiko viwili. Nimekumbuka nimeshakaa." Marehemu ana mwaka wa tisa kaburini. "Nimekuelewa, mama," akaniambia, akaenda zake. Hajawahi kuniita mama tena tangu siku hiyo, lakini siku hiyo aliniita.

Ijumaa tukaitwa ghorofani: mimi, Njiti, na yule mtayarishaji. Kipindi kilikuwa hakijarushwa bado. Meneja alikuwa amevaa tai.

"Wapishi wanne wa jiko letu wamekuja kwangu," akaanza, "kila mmoja na habari ya upawa. Sasa dada, wale ni watu wako, umewalea, nitawaaminije? Mimi jikoni siingii." Kweli, haingii. Akamgeukia Njiti. "Aliyeharibiwa ni wewe. Tutafuata neno lako. Ukisema lilikuwa kosa la mazoea, fainali tutairudia Jumatano, wageni wapya, kila kitu upya. Ukisema siyo, kipindi kitarushwa kama kilivyo, kazi ni yako, na dada atabaki pale alipo, na barua ya onyo."

Nilipumua. Haki ya Mungu nilipumua, nikaegemea kiti. Nilijua yamekwisha. Njiti ndiye aliyeulaza upawa ule mara elfu ngapi, kila siku, miaka kumi na moja! Kama angekuwa mgeni ningehofu. Huyu ni mdogo wangu.

"Njiti," meneja akasema. "Kuna huo utaratibu wa upawa?"

Njiti aliitazama meza. "Kila jiko lina mambo yake."

"Ndiyo au hapana?"

"Upawa... mtu anauweka popote penye nafasi, bosi."

"Njiti!" nikasema.

"Dada, tafadhali," meneja akanikata. "Njiti, alikusudia?"

"Siwezi kuusemea moyo wa mtu," akasema.

Mtayarishaji akaandika. Meneja akafunga faili, akampa Njiti mkono. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na mdomo wazi, sikupata hata tusi. Mimi! Ninayemtukana mpaka mwenye kuleta samaki! Asante ya punda ni mateke, nimesema neno hilo maisha yangu yote kuhusu watu wengine, na sikuwahi kujua linavyouma tumboni, hapa, chini ya mbavu.

Nilimkuta kwenye ngazi za wafanyakazi. Alikuwa anashuka haraka, alijua nitakuja.

"Njiti. Uliniona."

Akasimama. Hakugeuka. "Nilikuona, dada."

"Upawa uliuweka makusudi?"

Hapo akageuka, na machozi yalikuwa ya kweli, maana ya uongo nilishayaona. "Hapana! Watoto wangu wafe kama nasema uongo. Chumvi nilikuwa nimeshatia mwenyewe, nikapunguza moto, mkono ukaulaza upawa wenyewe tu. Kama wako. Nimeinua macho nakuona, neno likafika hapa." Akagusa koo. "Nikataka kukwambia, dada, leo siyo. Nikaiona kamera inakufuata kwa nyuma. Likarudi."

"Kwa nini hukuimwaga? Kwa nini hukuongeza maji? Dakika ishirini na tano zilikuwepo."

Akatazama viatu vyake.

"Haya, siku ile tuseme kamera. Leo je? Ghorofani kulikuwa na kamera?"

"Leo ningesema, fainali ingerudiwa."

"Ndiyo. Ingerudiwa. Halafu?"

"Halafu ungeshinda wewe." Alisema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. "Dada, tungerudia mara kumi, mara kumi ungeshinda wewe. Mimi siwezi kupika kama wewe. Jiko zima linajua, na mimi ndiye ninayejua zaidi, nimesimama karibu yako miaka kumi na moja. Nafasi yangu ilikuwa hii tu."

Nilishika chuma cha ngazi. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikingoja mtu mmoja, mmoja tu, mwenye kujua kazi, aniambie kwa kinywa chake kwamba mimi ndiye mpishi wa hoteli ile. Nikaambiwa ngazini, na mtu aliyetoka kuniuza dakika mbili zilizopita, na aliyeniuza kwa sababu hiyo hiyo. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia aseme tena, nisikie vizuri, na hilo ndilo ninaloona aibu kulieleza.

Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Jumamosi ijayo kuna harusi," akasema. "Watu mia tatu. Meneja anasema nisimamie mimi." Macho yake yalikuwa na hofu, hofu ya mtu aliyepewa basi na hajui kuendesha. "Utakuja, dada?"

Nikamtukana. Nilimtukana yeye, nikamtukana meneja, nikaitukana televisheni na mtu aliyeigundua, mpaka wahudumu wa vyumba wakachungulia kutoka ghorofa ya juu. Alisimama akapokea yote. Kisha nikaenda nyumbani. Na Jumamosi ile, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa jikoni nimefunga aproni, nagawa kazi, kwa sababu mimi ni mpishi na sina jiko lingine.